Ukoo na Nasaba: Miaka Elfu ya Hesabu Mbili za Jamaa Pwani

Familia ya pwani inayojua asili yake yaweza kuwa na karatasi mbili za majina. Ya kwanza ni shajara. Huanza na jina la mwenye nyumba, kisha bin fulani, bin fulani, bin fulani, hadi kwa yule aliyeshuka jahazini, na kwa masharifu hadi kwa Mtume mwenyewe. Humo hakuna mwanamke, isipokuwa Bi Fatma, ambaye masharifu hawawezi kufika kwa babu yao bila kupitia kwake. Karatasi ya pili hutolewa siku ya hitima, ili anayeomba dua asimsahau marehemu yeyote. Humo yumo bibi mzaa mama, yumo mjomba aliyefia Pemba, yumo shangazi ambaye hakujaaliwa mtoto. Mara nyingi hata mpangilio haina, kila anayekumbuka mtu humwongeza chini.

Ya kwanza ni nasaba, ya pili ni ukoo. Siku hizi tunayatumia maneno haya kama ndugu pacha, na ukitafuta moja kwenye kamusi aghalabu utaelekezwa kwenye jingine. Hata hivyo, kwa muda mrefu sana yalifanya kazi mbili tofauti. Nasaba ilijibu swali la mtu katoka kwa nani. Ukoo ulijibu swali la mtu ana nani: nani atamzika, nani atamgawia kiwanja, nani ataitwa binti yake akiposwa. Jinsi maneno hayo yalivyokutana, yakasaidiana, kisha yakavurugwa na serikali za kila namna, ndiyo historia ninayotaka kuisimulia hapa, kwa sababu naamini watu wa pwani wameumia si haba pale nasaba ilipogeuzwa kuwa kipimo cha kila kitu.

Kabla ya shajara

Ukoo ni neno la Kibantu, na lilikuwepo kabla ya msikiti wa kwanza. Wachimbuzi wa mambo ya kale waliofanya kazi Shanga, katika kisiwa cha Pate, wameonyesha kuwa mji ulianza karne ya 8 ukiwa wa wavuvi, wakulima na wafua chuma, wenye nyumba za miti na udongo. Misikiti yao ya kwanza ilikuwa midogo mno, na ilijengwa upya juu ya ileile mara kwa mara kadiri waumini walivyoongezeka.

Katika mji wa namna hiyo, ukoo ulihusu ardhi na maji. Sura yake ya zamani tunaweza kuiona katika mashamba ya kusini mwa Unguja, ambako desturi imedumu kwa muda mrefu. Huko kiambo, yaani eneo la makazi na miti yake, ni mali ya ukoo mzima uliotokana na waliolifyeka pori. Mtu huingia katika ukoo huo kwa baba au kwa mama. Kwa hiyo mmoja anaweza kuwa na haki katika viambo viwili au zaidi, akachagua pa kuishi kwa kuangalia penye nafasi na penye watu anaoelewana nao. Ukoo wa aina hii hauhitaji kukariri majina ya mababu kumi. Unahitaji kujulikana na wanaoishi pale.

Shiraz, Kilwa na binti wa Mrimba

Nasaba ilikuja na Uislamu na lugha ya Kiarabu. Kwa Waarabu nasab ilikuwa elimu kamili. Hisham ibn al-Kalbi, aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 9, aliandika kitabu kikubwa cha nasaba za makabila yao. Baadaye, mwaka 1377, Ibn Khaldun akasema jambo zito katika Muqaddima yake: kwamba nasaba ni jambo la kudhania, na kwamba faida yake ni ule mshikamano inaouleta kati ya watu. Sidhani kuna aliyewaelewa wenye shajara vizuri zaidi yake.

Pwani yetu ilikuwa imekwisha kuujua mshikamano huo. Historia ya Kilwa, ambayo Mreno João de Barros aliichapisha kwa lugha yake mwaka 1552 na ambayo pia imebaki kwa Kiarabu, inasimulia kuwa mfalme wa Shiraz na wanawe walikuja kwa majahazi saba, kila mmoja akashuka mji wake, na Ali, mmoja wao, akaipata Kilwa kwa kutoa nguo za kutosha kukizunguka kisiwa. Hiyo ndiyo nasaba ya Washirazi, na miji mingi kuanzia Lamu hadi Visiwa vya Ngazija inajihesabu humo.

Lakini wazee wa Kilwa walipoihadithia kwa Kiswahili, na Mjerumani Carl Velten akaichapisha mwaka 1907, waliongeza kilichokosekana. Walimtaja Mrimba, mwenyeji wa kisiwa. Walisema Ali hakutoa nguo tu, alimwoa binti wa Mrimba. Akazaliwa mtoto, na mtoto huyo akapokea mamlaka kwa babu yake mzaa mama. Pate wanasimulia vivyo hivyo: Nabahani alikuja kutoka Omani, akaoa binti wa mkubwa wa Wabatawi, na utawala ukamfuata kwa njia ya mke. Tarehe za historia ya Pate zinabishaniwa na wataalamu, nami sitaingia huko. Lililo wazi ni jinsi waliosimulia walivyofikiri. Jina la kutawalia lilitoka kwa baba mgeni, haki ya kutawala ilitoka kwenye ukoo wa mama. Ukimwondoa Mrimba, Ali anabaki mfanyabiashara mwenye nguo nyingi.

Thamani ya nasaba ilipanda haraka. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 alimkuta Sultani Hasan bin Sulaiman, aliyepewa lakabu ya Abu al-Mawahib kwa ukarimu wake. Msafiri huyo aliandika kuwa Sultani alikuwa akitenga khumusi ya ngawira zake na kuiweka katika hazina yake peke yake, na masharifu walipomjia aliwapa fungu lao humo. Walikuwa wakimjia kutoka Iraki, Hijazi na kwingineko. Fikiria maana yake kwa mtu wa bandarini: jina la babu lingeweza kukulipa. Toka hapo kuwa na shajara kulikuwa na faida ambayo kuwa na ukoo mkubwa hakukuwa nayo.

Masharifu, wikio na nyumba za mabinti

Wimbi kubwa zaidi la masharifu lilitoka Hadhramaut. Kuanzia karne ya 16, jamaa za Sheikh Abu Bakr bin Salim wa Inat, aliyefariki mwaka 1584, walifika Pate na kupata heshima kubwa. Jamal al-Layl nao walijenga jina Pate, Ngazija na Lamu. Waliingia na kafaa, yaani kanuni ya kulingana katika ndoa, ambayo kwa masharifu ilifungwa kwenye nasaba: mwanamume wao aliweza kuoa nje, binti yao hakuolewa na asiye sharifu. Kafaa ndiyo iliyoifanya nasaba iwe na ukuta.

Ndani ya ukuta huo, hata hivyo, maisha ya kila siku yaliendeshwa na ukoo. Lamu na Pate, mwenye uwezo alimjengea binti yake nyumba au kumgawia sehemu ya nyumba ya wazazi, na bwana harusi ndiye aliyehama. Ukipita katika vichochoro vya Lamu hadi leo utaona wikio, chumba kinachovuka juu ya njia na kuunganisha nyumba mbili. Mara nyingi nyumba hizo ni za mama na binti, au za dada wawili, na kwa njia hiyo wanawake walitembeleana bila kukanyaga barabara. Mume alileta jina. Mke alikuwa na mlango, dari, kisima, na jamaa wa pande zote waliomzunguka. Watoto waliitwa kwa baba yao lakini walilelewa na kina mama wakubwa na kina mama wadogo.

Ngazija walifika mbali zaidi. Huko ukoo, ambao wenyewe huuita hinya, hupita kwa mama tu. Nyumba na mashamba ya manyahuli hurithiwa na mabinti, na kaka mtu ana sauti kwa watoto wa dada yake. Wakati huohuo Mngazija ni Muislamu wa madhehebu ya Shafi, ana bin ya baba yake, na akiwa sharifu ana shajara ya baba yake. Mtu mmoja hubeba vyote viwili bila kuona mgongano, kwa kuwa anajua kila kimoja kina kazi gani.

Kutoka Ngazija hiyohiyo alikuja kijana Salih bin Alawi Jamal al-Layl, ambaye pwani nzima inamjua kwa jina la Habib Saleh. Alihamia Lamu katika robo ya mwisho ya karne ya 19. Kwa nasaba alikuwa na haki ya kukaa na wakubwa wa Mkomani. Akakaa Langoni, upande wa wageni na wanyonge, akawasomesha watoto wa waliokuwa watumwa na kuwaingiza katika maulidi pamoja na matari. Msikiti wa Riyadha, uliojengwa mwanzoni mwa karne ya 20, ni matunda ya kazi hiyo. Wenye miji walinung'unika, kwani elimu ilikuwa imekaa ndani ya ukuta uleule wa nasaba. Habib Saleh alifariki mwaka 1935, na hadi leo maulidi ya Riyadha huvuta watu kutoka kila pembe ya Afrika Mashariki. Kwangu mimi huyu ndiye mtu muhimu kuliko wote katika historia hii. Alikuwa na nasaba ambayo wengine wangeilipia, akaitumia kuwafungulia mlango wasiokuwa nayo.

Wasiokuwa nayo walikuwa wengi. Mtumwa alipofikishwa pwani alikatwa na nasaba yake yote. Aliyesilimu aliweza kuitwa bin Abdallah, yaani mtoto wa mja wa Mungu, jina linaloficha kwamba baba hakutajwa. Kur'ani, katika sura ya Ahzab, inaagiza watu waitwe kwa baba zao, na wasiojulikana baba zao wachukuliwe kuwa ndugu katika dini na rafiki. Kwa hiyo mtumwa aliyeachwa huru hakupewa nasaba ya bwana wake, ila aliunganishwa na ukoo wake: alihudhuria arusi na misiba, akalima katika ardhi yao, akazikwa nao. Wajukuu wake wakaanza kutumia jina la kabila la bwana. Ukoo uliweza kummeza mtu na kumfanya wake, ijapokuwa kwa kumweka karibu na mlango. Nasaba haikuweza.

Watoto wa masurie

Sayyid Said wa Omani alipohamishia makao yake Unguja, kati ya mwaka 1832 na 1840, sheria ya nasaba ilionekana kwa ukali wake wote. Mke wake wa ndoa, Azza bint Seif, hakuzaa. Watoto waliokuja kutawala walizaliwa na masurie: Majid kwa mama wa Kicherkesi, Barghash kwa mama wa Kihabeshi. Dada yao Salme, aliyezaliwa mwaka 1844 kwa surie wa Kicherkesi, ametuachia katika kumbukumbu zake za mwaka 1886 picha ya nyumba ya Mtoni ambamo watoto wa baba mmoja walitofautiana rangi na hata lugha za mama zao. Wote walikuwa Busaidi kamili, yaani wa kabila la baba yao. Mama hakuongeza wala hakupunguza kitu katika nasaba. Katika maisha ya jumba, kwa upande mwingine, masurie wa asili moja walikaa kwa makundi na watoto wao wakafuata makundi hayo. Wanasiasa wa Kizungu walioandika habari za ugomvi wa Majid na Barghash waliona kiti cha enzi tu. Salme, aliyekuwamo ndani, aliziona pia nyumba za akina mama.

Serikali inapouliza

Waingereza walikuja na swali ambalo halikuwa la nasaba wala la ukoo, lakini watu walilijibu kwa nasaba. Swali lilikuwa: wewe ni mwenyeji au si mwenyeji? Katika sheria za Kenya kodi ya nyumba, kipande na mahakama vilitegemea jibu hilo. Mwarabu aliwekwa upande wa wasio wenyeji. Mswahili akabaki katikati.

Mombasa ndiko lilikouma zaidi. Waswahili wa huko walikuwa wamejipanga kwa karne nyingi katika Thenashara Taifa: Miji Tatu ya Kilindini, Tangana na Changamwe, na Miji Tisa iliyoongozwa na Mvita. Chini ya masultani kila upande ulikuwa na tamimu wake, yaani mkuu wake, na mtu alitambulika kwa taifa lake, kisha mbari au mlango wake. Taifa liliundwa na jamaa waliotoka sehemu nyingi, wengine Pate, wengine Shaka, wengine Kilifi, wakakubaliana kuishi na kuteteana. Ulikuwa ni ukoo uliopanuliwa hadi kuwa mji. Miaka ya 1920, Waarabu walipopewa mwakilishi wa kumchagua katika Baraza la Kutunga Sheria, Thenashara Taifa walikataliwa kura hiyo. Wazee wakaanza kuandika barua za malalamiko, na ndani yake wakatafuta mababu wa Uarabuni. Mji uliokuwa ukijivunia jamaa zake ulilazimishwa kuonyesha shajara, na vita hivyo vya barua viliwatenganisha watu waliokuwa wakioana.

Unguja na Pemba sensa zilifanya kazi hiyohiyo kimyakimya. Mwaka 1924 makumi ya maelfu ya watu walijiandikisha kuwa Waswahili. Mwaka 1931 walibaki elfu chache tu. Hakuna aliyehama wala hakuna tauni iliyopita. Neno Mswahili lilikuwa limeanza kusikika kama mtoto wa mtumwa, na watu wakahamia Ushirazi. Kisha vikaja Vita Kuu vya Pili na mgao wa chakula: mchele ulikwenda kwa Waarabu na Wahindi, Mwafrika akaandikiwa mahindi. Kwa Mpemba aliyelima mpunga wake na kula wali maisha yake yote, hapo asili ikawa sufuriani. Chama cha Washirazi kilikuwa kimeanzishwa Pemba mwaka 1939, na mwaka 1957 sehemu yake iliungana na Chama cha Waafrika kuunda Afro-Shirazi. Majahazi saba ya Kilwa yakawa jina la chama cha siasa.

Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yaliuvunja utawala uliosimama juu ya nasaba. Yalifanya hivyo kwa damu nyingi ya watu wasio na hatia, na kafaa nayo ilipigwa kwa namna ya kikatili: mwaka 1970 wasichana wanne wa asili ya Kiajemi waliozwa kwa nguvu kwa wakubwa wa Baraza la Mapinduzi. Ukuta ulibomolewa, na walioangukiwa walikuwa mabinti.

Ukoo wa bara

Wakati hayo yakitokea visiwani, neno ukoo lilikuwa likisafiri. Kiswahili kilipokuwa lugha ya taifa Tanganyika, kila jamii ilitafsiri mpangilio wake kwa neno hilo. Mchaga aliita ukoo kile kinachopita kwa baba. Mluguru aliita ukoo kile anachokiita lukolo, kinachopita kwa mama. Fomu za shule na za ofisi zikaongeza jina la ukoo, na kwa kuwa jina hilo kwa kawaida ni la baba au babu, watu wakazoea kuona ukoo kama mstari wa wanaume.

Mwaka 1963 serikali ilitangaza kanuni za sheria za kimila kwa jamii zinazofuata upande wa baba. Kanuni hizo zilitaja ardhi ya ukoo, na kwamba mwanamke anaweza kuitumia lakini hawezi kuiuza. Kilichokuwa haki ya kuishi mahali kikawa haki ya waliomo katika orodha ya baba na mwana. Kwa maneno mengine, ukoo ulipewa sheria ya nasaba na ukabaki na jina lake. Mwanamke mmoja wa Bukoba, aliyerithi shamba kwa wosia wa baba yake akaliuza uzeeni, alishtakiwa na mtoto wa kaka yake aliyetaka mauzo yabatilishwe. Katika hukumu ya Ephrahim dhidi ya Pastory, Februari 1990, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu ya Mwanza alisema kanuni hiyo inapingana na Katiba na kwamba haki ya kuuza ni sawa kwa mwanamke na mwanamume, akaacha mauzo yasimame. Mkanganyiko wetu wa leo kati ya maneno haya mawili umeanzia huku bara zaidi kuliko pwani.

Muskati, kisha maabara

Baada ya Mapinduzi maelfu waliikimbia Unguja na Pemba. Sultani Qaboos alipochukua madaraka Omani, Julai 1970, aliwaita Waomani waliosoma nje warudi kuijenga nchi, na wengi wa Zanzibar wakaitika. Aliyeweza kutaja kabila lake na akatambuliwa na masheikh wa kabila hilo alipata njia nyepesi ya uraia. Nasaba, iliyokuwa hatari Unguja mwaka 1964, ikawa pasipoti miaka michache baadaye. Waliofika Muskati wakaendelea kuzungumza Kiswahili majumbani, kupika wali wa nazi, na kupeleka fedha kwa bibi na mashangazi waliobaki Wete na Chake Chake. Familia nyingi ziligawanyika vivyo hivyo: waliokuwa na nisba ya baba, yaani jina la kabila lake, walikwenda, ndugu zao wa mama mmoja tu hawakwenda.

Machi 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa kati ya mwaka 1250 na 1800, wengi wao katika miji ya pwani kama Manda, Faza, Mtwapa, Kilwa na Songo Mnara. Miongoni mwa walioongoza kazi hiyo alikuwa Chapurukha Kusimba, mwanaakiolojia wa Kenya aliyekuwa amechimba Mtwapa kwa miaka mingi. Walikuta kwamba Waafrika na Waasia walianza kuchanganyika karibu na mwaka 1000, wakati uleule ambao historia ya Kilwa inaashiria, na kwamba wazee wa Kiasia wa mwanzo walikuwa wengi wao Waajemi. Uarabuni unaonekana kwa nguvu baada ya mwaka 1500. Waliokuwa wakidhihaki hadithi ya Shiraz kama ndoto za wenye makuu walilazimika kuisoma upya.

Vipimo hivyohivyo vilionyesha upande wa pili. Vinasaba vinavyopita kwa mama vilikuwa karibu vyote vya Kiafrika, na vile vya baba kwa sehemu kubwa vya Asia. Watafiti walijiuliza iwapo huo ulikuwa ni ukatili wa wanaume wageni kwa wanawake wa hapa, wakaona maelezo mengine yanaafiki zaidi na desturi za pwani: wafanyabiashara wa Kiajemi waliingia kwa ndoa katika jamaa zenye biashara na miji yao, ambamo mwanamke alikuwa na mali na nyumba. Ndiyo maana watoto wa ndoa zile, wakiwa na majina ya Shiraz, walikua wakizungumza lugha ya mama zao, na lugha hiyo ni Kiswahili.